Samaki Wetu Apewe Jina Lake Mezani

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba siku mgeni anapobisha hodi, chakula kilicho bora hutolewa, na watoto wa nyumba ile nao hupata kulamba vidole. Katika mji wetu wa Mwanza methali hii imepinduliwa miguu juu, kichwa chini. Kilicho bora ziwani humfuata mgeni huko huko kwao ng'ambo. Na siku mgeni anapofika kwetu, tunamwandalia kitu ambacho sisi wenyewe hatujui kimetoka wapi.

Hivi karibuni nilialikwa katika karamu ya kuwaaga wajumbe wa semina, ndani ya hoteli moja ya mjini hapa ambayo si lazima kuitaja jina. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe pe, na visu na uma vilipangwa kama askari wa gwaride. Mbele ya kila mjumbe iliwekwa kadi yenye orodha ya vyakula, nusu Kiingereza, nusu Kifaransa. Mchuzi ulikuwa na jina refu, viazi vilikuwa na jina refu zaidi, lakini samaki aliandikwa samaki tu. Nikamwita kijana aliyekuwa akituhudumia, nikamwuliza: "Kijana wangu, samaki huyu ni nani, na ametoka wapi?" Akainama kwa adabu, akanijibu: "Ametoka kwenye friji, Mzee." Na dirishani, hatua chache kutoka pale tulipoketi, Ziwa Victoria lilikuwa likimeremeta.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alijibu alivyofundishwa. Lakini jibu lake limenikaa moyoni, kwa sababu ndani yake mna habari nzima ya ziwa hili na watu wake. Ili tuupime uzito wake, hatuna budi kuutazama mji mmoja wa mbali ambao samaki wetu wameufikia kabla yetu, nao ni Madrid, mji mkuu wa Hispania.

Madrid hauna bahari. Mtu akitaka kuiona bahari iliyo karibu, kule Valencia, itampasa asafiri kwa barabara yapata kilomita 350. Hata hivyo Wahispania hupenda kutania kwamba bandari bora ya nchi yao ni Madrid, kwa kuwa samaki wazuri wa pwani zote hukimbizwa huko usiku kucha ili wawahi soko la alfajiri. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wachukuzi wa nyumbu waliovuka milima kutoka Galicia, kaskazini-magharibi ya nchi. Siku hizi hufanywa na magari ya barafu yanayoelekea Mercamadrid, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya samaki duniani.

Juu ya msingi huo wa samaki, nyama na mboga zilizochaguliwa kwa makini, mji ule umejenga migahawa ya hali ya juu yenye sifa dunia nzima. Uko mgahawa wa Botín ulioanza mwaka 1725, ambao kitabu cha Guinness kinautambua kuwa mkongwe kuliko yote duniani. Uko Lhardy wa mwaka 1839. Uko Zalacaín, ambao mwaka 1987 ulikuwa wa kwanza katika Hispania nzima kupewa nyota tatu na mwongozo wa Michelin, mwongozo ambao ulianza kuchapwa mwaka 1900 na kampuni ya kutengeneza matairi huko Ufaransa. Na uko DiverXO wa mpishi Dabiz Muñoz, uliozipata nyota tatu mwishoni mwa mwaka 2013, ambako mlo wa mtu mmoja umefikia bei inayozidi Euro 300 hata kabla ya kinywaji.

Msomaji wa Ukara au Irugwa ataniuliza: Ndugu, sisi tunahangaika na nauli ya kivuko, nawe watusimulia sahani za Euro 300? Na kiongozi mwenzangu atauliza: chama cha wakulima na wafanyakazi kina shughuli gani na meza za matajiri? Maswali hayo ni ya haki, nami nitayajibu kwa neno moja: bei. Thamani ya jasho la mvuvi haikamiliki mwaloni. Hukamilika mezani, pale mlaji anapofungua mkoba wake. Asiyejua yanayotendeka mezani atapangiwa bei maisha yake yote, na atadhani ni majaaliwa.

Basi, ni kitu gani kinachotendeka katika meza zile? Jambo la kwanza ambalo mgahawa mzuri wa Madrid hulifanya ni kutaja. Samaki anayefanana na changu haandikwi samaki tu. Huandikwa jina lake, na mara nyingi hufuatiwa na jina la bandari alikoshushwa. Upo mji mdogo wa wavuvi kule Galicia uitwao Burela, na upo mwingine uitwao Celeiro. Ni vijiji vikilinganishwa na Mwanza. Lakini samaki wao aitwaye merluza, aliyevuliwa kwa ndoana mmoja mmoja, huingia katika migahawa ya Madrid akitajwa kwa jina la bandari yake, na mlaji hulipa zaidi kwa sababu ya jina hilo. Kome wa Galicia nao wanalindwa na sheria ya Ulaya, hata asiyewafuga huko haruhusiwi kuwauza kwa jina lile. Kwa njia hiyo mvuvi wa Burela, hata kama hajawahi kukanyaga mgahawa wa nyota tatu, analipwa na meza ile kila siku.

Sasa tumtazame sangara wetu. Samaki huyu si mwenyeji wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa upande wa Uganda na Kenya katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaenea, na kufikia miaka ya 1980 akawa ametawala maji yetu na kuwala furu wetu wengi wasiobaki hata kwa jina. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, ndege zikatua, na Hispania ikawa miongoni mwa wateja wakubwa. Sisi tunamwita sangara, Wakenya humwita mbuta, na Waganda humwita mputa. Ana majina matatu nyumbani. Alipofika Hispania aliitwa perca, na akitajwa kwa kirefu, perca wa mto Nile. Hata pale alipotajwa kwa ukweli, ziwa lake halikutajwa, ukatajwa mto ambao maji yake yanatoka kwetu.

Tena hilo lilikuwa la nafuu. Wako wafanyabiashara waliomficha kabisa. Mnofu wa sangara ni mweupe na mnene, na ukishatolewa ngozi na miiba unafanana sana na mnofu wa samaki wa bahari aitwaye mero, ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu kwa jina la chewa. Chewa ni ghali, sangara ni rahisi. Tamaa ikafanya kazi yake. Udanganyifu ule ulienea kiasi kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Complutense, hapo hapo Madrid, walilazimika kubuni vipimo vya maabara vya kutofautisha mnofu wa chewa na mnofu wa sangara. Yaani mlaji alikuwa akiketi, akimla sangara wa Ziwa Victoria, akimsifu, akimlipia bei ya chewa, kisha akiondoka pasipo kujua kwamba amekula jasho la mvuvi wa Ukerewe. Faida ya uongo ule ilibaki kwa aliyebadili jina. Hakuna hata senti iliyovuka maji kurudi Nansio.

Tusijidanganye kwa kudhani kwamba sangara aliingia Hispania akiwa mgeni wa heshima. Aliingia kama mnofu usio na mwiba, wa bei nafuu, wa masoko makubwa na mabwalo ya shule. Wapishi wakubwa hawakumjali kwa jina lake. Lakini tujiulize, nani angemjali, iwapo sisi wenyewe tulimtoa nyumbani bila jina? Kitu kinachoandikwa mnofu mweupe tu kina bei ya mnofu mweupe, na mnunuzi akiona mwingine wa bei ya chini kutoka Asia, atahama kesho asubuhi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Jina la ziwa letu halikukosekana siku zote. Katika miaka ya 1996 na 1997, Hispania na Italia zilipozuia sangara wetu kwa sababu ya vijidudu vya salmonela, jina la Ziwa Victoria lilitajwa. Mwaka 1998 Ulaya ilipowakataa samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu, jina lilitajwa. Mwaka 1999 soko lilipofungwa tena kwa ajili ya wavuvi waovu waliotia sumu majini, jina lilitajwa kwa sauti kuu. Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Darwin's Nightmare iliyoonyesha mapanki na umaskini wa Mwanza, na jina la mji wetu likazunguka dunia, hata Rais Jakaya Kikwete mwaka 2006 akasimama hadharani kuikanusha. Kwa ufupi, tukikosea tunajulikana, tukifanya vyema hatujulikani. Samaki akiugua ni wa Ziwa Victoria. Akiwa mtamu ni chewa.

Baada ya marufuku zile, Taifa lilijitahidi. Ukaguzi ulikazwa, viwanda vikasafishwa, na maabara ya kudhibiti ubora wa samaki iko Nyegezi, ikifanya kazi inayoheshimiwa. Usafi tumeupata kwa gharama kubwa. Kilichobaki ni heshima, nayo haiagizwi kutoka ng'ambo. Huanzia nyumbani.

Hebu tuangalie hali ilivyo kwetu. Mnofu hupanda ndege kwenda Ulaya. Bondo huenda Uchina, ambako bei yake kwa uzito inaupita mnofu mbali. Na mwiba hubaki Mwanza, ukakaangwa na kuuzwa kwa wasio na uwezo. Kisiwani, mvuvi aliyekesha majini humsubiri wakala aje na boti yenye barafu, kwa kuwa barafu hana. Wakala ndiye aliyemkopesha nyavu na mashine, ndiye mwenye mizani, na ndiye anayetaja bei. Mvuvi akikataa, jua linapanda, na samaki hana subira. Sisi tuliokaa chini ya mwalimu chuoni tulifundishwa mapema kwamba kupunja mizani ni dhambi nzito. Lakini kumnyima mtu barafu ili asiwe na la kusema mbele ya mizani ni kumpunja kabla hata mizani haijainuliwa.

Wakati huo huo, hoteli zetu kubwa zinapomtaka samaki, mara nyingi hupenda sato au sangara mdogo anayeenea sahani moja. Ni mzuri kwa macho ya mgeni. Lakini sheria yetu inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50, na sato naye ana kipimo chake. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu nyingi haramu zilichomwa moto mialoni, na wavuvi wengi walitozwa faini. Sisemi ilikuwa makosa kulilinda ziwa. Nauliza tu: ni jiko la hoteli gani lililopimiwa samaki wake kwa rula? Sheria inayofika mwaloni na isifike jikoni ni nusu ya sheria, na nusu hiyo daima humwangukia mnyonge.

Wako watakaosema kwamba chakula chetu si cha mezani pa wakubwa. Kwamba sato na ugali ni vya mama lishe, na mgeni wa heshima apewe vya kwao. Hayo ni mabaki ya kasumba ya kikoloni. Casa Botín imejijengea jina kwa nguruwe na mwanakondoo waliochomwa katika tanuri la kuni, chakula cha wenyeji wa nchi ile, si kwa kuiga jiko la jirani. Sisi tunaye sato aliyepikwa mchuzi mwepesi wa nyanya na ndimu. Tunaye dagaa, ambaye akikaushwa juu ya kichanja, si mchangani, ni mtamu kupita maelezo. Tunaye kamongo. Tunao ugali wa udaga wa Ukerewe, na machungwa ya kisiwa hicho hicho. Tunayo michembe na matobolwa ya Usukumani. Mtalii anayeingia Serengeti kwa lango la Ndabaka anapita ukingoni mwa ziwa hili hili. Kwa nini apite akila viazi vya kukaanga na samaki wa friji?

Na wako watakaohofu, kwa nia njema, kwamba tukimpandisha samaki hadhi, mwananchi wa kawaida hatamwona tena. Hofu hii naiheshimu, kwa maana imekwisha kututokea mara moja: viwanda vilipokuja, sangara mnene aliondoka sokoni kwetu. Lakini meza ya heshima haihitaji shehena za ndege. Inahitaji samaki wachache, wakubwa kwa kipimo cha sheria, waliovuliwa vizuri na kuwekwa barafuni saa ile ile. Ikiwa mvuvi atapata bei bora kwa samaki wachache, hatakuwa na sababu ya kulikomba ziwa kwa kokoro ili apate wengi wa bei duni. Kinachomnyang'anya mwananchi kitoweo ni uuzaji wa wingi usio na jina. Jina halijapata kumnyang'anya mtu kitoweo chake.

Kwa hiyo ninatoa rai, na ninaitoa kwanza kwa viongozi na watumishi wa Serikali, nikiwa mmoja wao. Karamu zetu nyingi hulipiwa kwa fedha za umma. Tuanze na karamu hizo. Katika kila hafla ya Serikali, ya Chama au ya shirika la umma katika mkoa huu, samaki wa ziwa awepo mezani, na kadi imtaje kwa Kiswahili: sato wa Ukara, sangara wa Ukerewe, dagaa wa Goziba, kama ndivyo kweli alivyo. Jambo hili halihitaji bajeti mpya wala safari ya mafunzo. Linahitaji mtu mmoja anayeandaa karamu kuuliza swali moja.

Pili, maofisa wa uvuvi na maofisa wa biashara waingie jikoni kama wanavyoingia mialoni. Hoteli ionyeshe samaki wake amenunuliwa wapi, kwa nani, na ana urefu gani. Iliyo safi isifiwe hadharani. Iliyo na samaki wachanga itozwe kama anavyotozwa mvuvi. Tatu, halmashauri zetu zione barafu ya visiwani kuwa ni huduma ya lazima, sawa na kisima na zahanati. Penye barafu na mizani ya umma, mvuvi anaweza kusema hapana. Na mtu asiyeweza kusema hapana hawezi kusemekana kuwa ameuza. Nne, vyuo vinavyofundisha mapishi na huduma za hoteli vimfundishe kijana wetu ziwa lake kabla ya kumfundisha michuzi ya Ufaransa. Vyote viwili ni elimu, lakini kimoja ni chake.

Kwenu ndugu zangu wa visiwani, nanyi mna wajibu wenu. Jina ni deni. Burela haikupata heshima kwa kulalamika, bali kwa kumvua samaki kwa ndoana na kumtunza kama yai mpaka sokoni. Mvuvi atakayetia sumu, atakayevua wachanga, au atakayemwacha samaki juani kisha akamchanganya na wabichi, anachoma jina la kisiwa kizima. Jiungeni katika vikundi na ushirika wenu, mkubaliane kiwango cha samaki anayestahili kubeba jina la mwalo wenu, na asiyefikia kiwango hicho msimpe jina. Kisha muwe tayari hoteli ya Mwanza itakapopiga simu asubuhi kuuliza mna nini leo.

Siku moja ningependa kurudi katika hoteli ile yenye vitambaa vyeupe, niketi karibu na dirisha lile lile, nimwulize kijana yule swali lile lile. Naye anyooshe kidole nje ya dirisha, ng'ambo ya maji, aseme: "Mzee, huyu ni sato wa Ukara. Amefika leo asubuhi, na aliyemvua tunamfahamu." Siku hiyo hatutakuwa na haja ya kuwaomba watu wa Madrid watutaje. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza sharti akubali kucheza kwao.